Tumbo Lililotangulia Miezi Yake



Katika barua tulizozipokea mwezi huu imo moja tuliyoisoma zaidi ya mara mbili kabla ya kushika kalamu. Aliyeiandika ni mke kijana aliyeolewa miezi 5 iliyopita, naye ni mjamzito. Anasema tumbo lake limekuwa kubwa kuliko umri wa ndoa yake, na katika nyumba ya wakwe zake anakokaa watu wameanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mavyaa hajamwambia neno. Mawifi wameshauliza, kwa mzaha usiokuwa mzaha, kwa nini arusi ilifanywa kwa haraka vile. Mumewe amenyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakomuumiza zaidi.

Naye ana siri. Alipokwenda kliniki na kupigwa picha ya skani aliambiwa mimba ina wiki 18, mtoto yu salama, na katika kizazi mna fibroidi mbili, yaani uvimbe, mmoja kadiri ya ndimu na wa pili kadiri ya chungwa. Karatasi ya majibu ameificha chini ya godoro, kwa kuwa amesikia mwenye uvimbe huwa ni tasa, au ana jini mahaba, au mwisho wake ni kutolewa kizazi.

Tazameni hali ilivyo: karatasi inayomtakasa na tuhuma ndiyo hiyo hiyo anayoiogopa. Tumekwisha kumjibu faraghani, na kwa idhini yake tunayaandika haya, maana hatudhani kuwa yeye ni peke yake.

Tuanze na hesabu, kwani fitina imeanzia hapo. Hesabu ya kliniki haianzi siku ya kutungwa mimba, siku ambayo aijuaye kwa yakini ni Mola peke yake. Huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nayo kwa kawaida hutangulia kutungwa mimba kwa kiasi cha wiki 2. Kwa hiyo bibi arusi aliyeshika mimba wiki ile ile ya arusi yake, akienda kliniki mwezi mmoja baadaye, ataandikiwa wiki 6 katika kitabu chake, ilhali ndoa yake ina wiki 4. Asiyejua kanuni hii akikichungulia kitabu hicho ataona wiki mbili zisizokuwa na mume, naye atakwenda kuzisimulia kwa jirani.

Kisha kuna kipimo cha utepe. Kuanzia kiasi cha wiki 20 mkunga hupima toka mfupa wa kinena hadi ncha ya juu ya kizazi, na sentimita anazozipata hukaribiana na idadi ya wiki. Mwenye wiki 28 hupata kama sentimita 28, pengine zikapungua au zikazidi mbili. Lakini utepe, na jicho la wifi pia, havioni ndani. Hupima kizazi na vyote vilivyomo: mtoto, maji, kondo la nyuma, na uvimbe kama upo. Tumbo huweza kutangulia miezi yake kwa sababu ya mapacha, au kwa sababu ya maji kuzidi, au kwa sababu ya fibroidi kama hizi za binti yetu. Mwenye wiki 18 kwa kawaida kizazi chake hakijafika kitovuni. Chake yeye kimekwisha kukipita kitovu, kwa sababu chungwa na ndimu nazo zinahitaji mahali pa kukaa.

Skani hufanya kazi nyingine. Yenyewe humpima mtoto mwenyewe: katika miezi mitatu ya mwanzo urefu wake toka utosini hadi makalioni, na baadaye kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Skani ya mwanzo hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Ya wiki 18 kwa kiasi cha siku 10. Na ya mwisho wa mimba huweza kukosea hata wiki 3, kwa hiyo anayetaka hesabu ya kutegemewa asingoje mwezi wa nane. Kwa binti yetu, wiki 18 za kliniki ni kama wiki 16 tangu kutungwa mimba, na ndoa yake imekwisha kutimiza wiki 21. Ongeza siku 10, punguza siku 10, bado ndoa imetangulia mimba.

Na lau isingekuwapo skani, sheria yetu haikuliacha jambo hili mikononi mwa wasengenyaji. Wanazuoni wameafikiana kwamba muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi 6 ya mwandamo. Wameutoa katika aya mbili: moja imetaja kubeba mimba na kuachisha ziwa pamoja kuwa ni miezi 30, na nyingine imetaja kuachisha ziwa katika miaka 2, ukitoa 24 katika 30 hubaki 6. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja alijifungua miezi 6 baada ya kuolewa, akashitakiwa mbele ya khalifa, na ilikaribia apewe adhabu, ndipo hoja ya aya hizi mbili ilipotolewa, naye akaachiliwa. Wapokezi wamekhitalifiana iwapo khalifa huyo alikuwa ni Umar au Uthman, na iwapo mwenye hoja alikuwa ni Ali au Ibn Abbas. Hukumu yenyewe haina ikhtilafu. Aliyejifungua baada ya miezi 6 ya ndoa, mtoto ni wa mumewe, na ulimi unafungwa. Na anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya kuleta mashahidi 4, Suratun-Nur imemwekea mapigo 80 na kumkatalia ushahidi wake. Mawifi wasidhani kwamba mzaha wa jikoni, sufuria ikiwa motoni, uko nje ya sura hiyo.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwake lilikuwa ni kuitoa ile karatasi chini ya godoro na kumpa mumewe mkononi, wakiwa wawili faraghani. La pili lilikuwa ni kwa mume: katika skani itakayofuata aende naye, aketi ndani ya chumba, aonyeshwe mtoto na aonyeshwe uvimbe, kisha yeye mwenyewe ndiye amweleze mama yake. Mke asiachiwe mzigo wa kujitetea katika nyumba isiyokuwa ya wazazi wake.

Sasa fibroidi ni nini? Ni nyama ya misuli ya kizazi chenyewe iliyokua na kujiviringa mahali pamoja. Si saratani, na kugeuka saratani ni jambo la nadra mno. Huweza kuwa ndogo kama punje ya kunde, au kubwa kama dafu. Hulishwa na homoni zile zile za kike zinazoendesha hedhi na mimba, na mara nyingi huonekana kwa mama, dada na mabinti wa ukoo mmoja. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa wameupata uvimbe huu wafikapo miaka 50, na weupe karibu 70. Wengi wao huishi nao bila ya kujua. Hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini tukisema kila mwenye uvimbe ana jini mahaba, basi majini hao wana kazi kubwa kweli kweli. Wako pia wanaosema uvimbe huletwa na sindano ya kupanga uzazi. Wenye shaka juu ya kupanga uzazi wana mahali pao pa kuuliza, ila dai hili halina msingi. Tafiti kadhaa zimeona uvimbe ukipungua kwa waliotumia sindano hiyo.

Neno "tasa" nalo tuliweke mahali pake. Ni kweli kwamba baadhi ya fibroidi, hasa zile zilizoota upande wa ndani zikachomoza katika uwazi wa kizazi, huweza kuzuia mimba au kuiharibu mapema. Lakini aliyetuandikia tayari ana mimba ya wiki 18. Huyu ataitwaje tasa?

Wengi wenye fibroidi hubeba mimba yao hadi mwisho na kujifungua salama. Hatusemi hivi kumtuliza moyo tu. Ndivyo madaktari wanavyoona. Hata hivyo wapo wanaopata taabu, na taabu hutegemea ukubwa wa uvimbe na zaidi mahali ulipo. Ulio upande wa nje wa kizazi aghalabu haumdhuru mtoto. Ulio chini, karibu na mlango wa kizazi, huweza kumzibia njia, au kumfanya akae kwa kulala mshazari au kutanguliza matako. Ulio nyuma ya kondo ndio unaotazamwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kondo lililojishika juu ya uvimbe huweza kubanduka kabla ya wakati. Uchungu wa kabla ya miezi kutimia nao huwapata hawa zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo mjamzito mwenye fibroidi aulize maswali matatu: ziko ngapi, zina ukubwa gani, na zimekaa wapi kwa kulinganisha na kondo na mlango. Majibu yaandikwe katika kitabu chake, ili atakayempokea usiku wa kujifungua ayakute.

Katika miezi ya kati huweza kumjia maumivu makali mahali pamoja pa tumbo, pengine na homa kidogo. Hutokea uvimbe ukikua kuliko damu inayoulisha, ukaanza kufa sehemu ya ndani. Maumivu hayo hutisha, lakini kwa kawaida hupoa kwa siku kadhaa, kwa mapumziko, maji na parasetamoli, baada ya daktari kuhakikisha kwamba si jambo jingine. Asinunue vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki dukani kwa nafsi yake. Kuanzia wiki ya 20 dawa za jamii hiyo huweza kudhuru figo na moyo wa mtoto.

Na hapa ndipo mama zetu wanapomwita mkandaji. Tunawaheshimu wakunga wetu wa jadi, kwani wametupokea wengi wetu duniani. Lakini tumbo lenye uvimbe halikandwi, wala mtoto aliyekaa vibaya hageuzwi kwa mikono nyumbani. Kulikanda ni kuuchokoza uvimbe, na kama kondo liko hapo ni kulibandua. Vivyo hivyo dawa za chupa zinazouzwa kwa jina la kuyeyusha uvimbe. Hata hospitali, yenye dawa za kuusinyaza, haimpi mjamzito. Muuza chupa amepata wapi dawa isiyomjua mtoto? Baadhi ya mizizi kazi yake ni kukaza kizazi, na kizazi kikikazwa hutoa kilichomo. Anayetaka kusomewa asomewe, na anayekunywa kombe, liwe la maji safi, na siku ya kliniki aende kliniki. Mtume wetu S.A.W. ametuamrisha kujitibu, wala hakuona kujitibu kunapingana na kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Mas'ala ya damu tutayarefusha kidogo, kwa sababu ndani yake mna hatari inayofichwa na elimu nusu. Binti yetu aliona matone mchana mmoja, akamwuliza mwalimu wake wa darsa, akaambiwa kwamba katika madhehebu yetu mjamzito huweza kupata hedhi. Ni kweli. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba damu ya mjamzito ni hedhi ikitimiza masharti ya hedhi, yaani isipungue mchana na usiku mmoja wala isizidi siku 15. Mahanafi na Mahanbali wanaiona ni damu ya maradhi, na mwenye nayo huendelea na sala yake. Yake yeye haikufika mchana na usiku, kwa hivyo si hedhi kwa kauli hizi mbili, na sala alizoziacha mchana ule azikidhi.

Lakini hukumu hii ni ya sala. Mwanachuoni aliyeiandika alikuwa akijibu iwapo mwanamke asali au asisali. Hakuwa akisema kwamba damu hiyo haina hatari. Daktari hana hedhi katika mimba. Kwake yeye kila damu ya mjamzito ina sababu ya kutafutwa: mimba inayotishia kutoka, kondo lililokaa chini, au kondo linalobanduka. Mwanamke anayekaa kitandani siku tatu akisema "ni hedhi tu, Shafi kasema" anamsingizia Imamu jambo ambalo hakulisema. Akiona damu, ahesabu kwa ajili ya sala yake, na wakati huo huo awe njiani kwenda kuonwa. Ikiwa damu ni nyingi, au tumbo limekuwa gumu na lina maumivu yasiyoachia, au mtoto ameacha kucheza, basi ni usiku huo huo, asingoje alfajiri.

Tukumbuke pia kwamba Fatima binti Abi Hubaysh alikuja kwa Mtume S.A.W. akilalamika kuwa damu haimkatiki, naye akamwambia kwamba hiyo ni ya mshipa wala si hedhi. Hakumtuhumu kwa dhambi wala kwa jini. Alimweleza jambo la mwili, akamfundisha namna ya kusali. Wake zetu wengi wenye fibroidi wametokwa na damu nyingi miaka kadhaa kabla ya kushika mimba, na wakaona aibu kuuliza.

Kwa sababu hiyo wengi wao huingia katika mimba wakiwa na upungufu wa damu. Kipimo cha mjamzito kikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, damu yake ni pungufu. Vidonge vya madini ya chuma vinavyogawiwa kliniki havikuwekwa kwa ajili ya kujaza makabati. Na sisi watu wa pwani tuna mazoea yetu ya chai: mtu hajamaliza kula mbaazi zake, kikombe kimekwisha kumiminwa. Chai huzuia mwili kuchukua madini hayo. Ameze kidonge kwa maji ya ndimu au ya chungwa, na chai aiache hadi ipite saa moja au mbili. Ramadhani ikimkuta naye akahofia nafsi yake, atafungua na kulipa siku zake. Akihofia mtoto peke yake, kwa madhehebu yetu atalipa na kutoa kibaba kwa kila siku.

Kuhusu mahali pa kujifungua hatuna rai mbili: ni hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba. Mtoto akishatoka, kizazi hujikaza kama ngumi ili kufunga mishipa iliyo wazi; chenye uvimbe mkubwa huweza kushindwa kujikaza vizuri, na damu ikamiminika. Hospitali kuna sindano ya oksitosini na watu wa kuchukua hatua kwa haraka. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini: walipoipima damu kwa mfuko maalumu badala ya kuikisia kwa macho, na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila ya kungoja, kutokwa na damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Hayo hayapatikani kwenye mkeka. Aliye Faza au Kizingitini asingoje uchungu uanze ndipo atafutwe mwenye boti, usiku, maji yamekupwa au kusi imechafua bahari. Wiki za mwisho ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Usajili wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ukamilishwe mapema na michango ilipwe. Na wanaume wanaokaa barazani wakinywa kahawa, kila mmoja mwenye umri kati ya 16 na 65, mwenye afya na asiyepungua kilo 50, huweza kutoa damu. Mume awe na majina ya wawili au watatu kabla ya siku yenyewe.

Wanaotuuliza juu ya daktari mwanamume, jibu ni lile la vitabu vyetu: atangulizwe mwanamke Mwislamu, kisha mwanamke asiyekuwa Mwislamu, na asipopatikana, mwanamume, mumewe au maharimu akiwapo, na kisifunuliwe zaidi ya kinachohitajika. Dharura haingoji zamu ya kazi ibadilike. Wala upasuaji usisubiri kikao cha ukoo. Mwili ni wa mke, naye akiwa na akili zake, saini yake ndiyo ya kwanza.

Akijaaliwa kupasuliwa, asishangae daktari akimtoa mtoto na kuuacha uvimbe. Kizazi cha mimba kina damu nyingi mno, na kuukata uvimbe wakati huo huweza kuleta hatari kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Kwa kawaida huondolewa tu ule unaoning'inia kwa kikonyo, au ulioziba njia. Mara nyingi baada ya kujifungua uvimbe husinyaa wenyewe. Nifasi kwa Mashafi aghalabu ni siku 40 na ukomo wake ni 60. Ikivuka hapo ni istihadha. Lakini damu inayolowesha pedi nzima kwa saa moja, au yenye mabonge makubwa, haihesabiwi kwa arubaini. Hiyo ni ya kurudi hospitali.

Aliuliza mwishoni kama ataweza kuzaa tena. Arudi kwa skani miezi 3 hadi 6 baada ya kujifungua, uvimbe upimwe upya ukiwa umetulia, na hapo ndipo yeye na mumewe watakaposhauriana na daktari iwapo uachwe au uondolewe kabla ya mimba nyingine. Wako wengi waliozaa wa pili na wa tatu nao ungalimo.

Wabillahi tawfiq.